Trauti wa Julai: zamisha nzi

Wanaotoka Nairobi wikendi hii kuvua samaki aina ya trauti katika mito ya Gatamaiyu au Gura, milima ya Aberdare, acheni nyumbani nzi bandia wa kuelea, yaani ndoana iliyovishwa ifanane na mdudu. Baridi hii ya Julai maji ya Aberdare ni kama ya friji, na trauti hapandi juu ovyo. Analala chini, kwenye vidimbwi vya maji ya kina nyuma ya mawe, akingoja chakula kimpitie mdomoni.

Kwa hiyo tumia nzi wa kuzama, wa ndoana namba 14, mwenye ushanga wa tungsteni, metali nzito. Ugwe wa mbele, ule mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, uwe mita 2.7, na ncha yake iwe na unene wa milimita 0.15. Boya dogo lifunge kwenye ugwe, juu ya nzi, kwa umbali wa mara moja na nusu ya kina cha maji. Nzi asipogusa changarawe mara mojamoja, yuko juu mno, shusha.

Kosa kubwa ni mshipi kuvutwa. Mkondo wa katikati hukimbia kuliko wa kando, ukibeba mshipi, nzi naye anaburutwa, na trauti hamgusi mdudu anayekimbia hivyo. Rusha kuelekea mto unakotoka, kisha inua ufito na ugeuze tumbo la mshipi, sehemu iliyopinda juu ya maji, lirudi upande mto unakotoka. Boya likisita hata kidogo, kaza mshipi ndoana imnase. Usingoje lizame!

Bana chembe ya ndoana, ule mwiba wa kuzuia samaki asichomoke, kwa koleo kabla ya kuanza. Lowesha mikono kabla ya kumshika samaki. Mkono mkavu humtoa ute unaomkinga na ugonjwa wa kuvu. Na kibali cha uvuvi kiwe mfukoni.