Siku moja maishani mwangu: tone la damu chini ya bawa

Saa 10 na nusu alfajiri napanga sindano, glavu na chupa zenye vifuniko vya zambarau, najaza barafu kwenye deli. Saa 12 niko soko la kuku, Shekilango, Dar es Salaam.

Watu wakiniona natoa kuku damu hudhani natafuta ugonjwa wa kideri, au nimetumwa kufunga biashara zao. Mimi ni fundi wa maabara kwenye utafiti wa epijenetiki. Tunataka kujua adha anayoipata kuku inamwachia alama gani mwilini. Vinasaba vyenyewe havibadiliki. Ila juu yake hunasa vijikemikali viitwavyo methili, na kinasaba kilichonaswa hivyo, mara nyingi hufanya kazi kidogo au huzima kabisa. Bahati nzuri, chembe nyekundu za damu ya kuku zina kiini, kinachobeba vinasaba, si kama zetu, kwa hiyo tone moja linatosha.

Hadi saa 2, kuku kumi, bila tatizo.

Kisha likaingia gari la Singida, limechelewa, matenga yamepandana hadi juu, na mama mwenye kuku.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ukishamtoboa, nani atamnunua?"

Nikaeleza. Nikataja fidia. Akataka nilipie tenga zima. Nikashika jogoo, akaanza upya: nani kanituma, damu inakwenda wapi. Nami nina saa mkononi, maana ukimkamata kuku, kortikosteroni, homoni ya msongo, huanza kupanda kwenye damu baada ya kama dakika 3 tu. Ukizidisha hapo unapima woga wa mikono yako, safari ya Singida huipimi tena. Nikamrudisha jogoo. Nikashika mwingine, nikamrudisha. Wa tatu hivyo hivyo. Jua limeshapanda, jasho linaingia machoni.

Tenga la chini kabisa kulikuwa na mtetea, mdomo wazi, mabawa kayaachia, koo linapwita. Kuku hana tezi za jasho. Joto hulitoa kwa kuhema. Nikageuza kifuniko cha deli, nikamimina maji, nikamsogezea. Akanywa, akainua kichwa, akanywa tena. Yule mama akaniangalia muda mrefu.

"Haya, huyo mchukue. Mshike vizuri tu mwanangu."

Nikasubiri atulie. Nikamlaza ubavu, nikapanua bawa, nikapangusa kwa spiriti mpaka mshipa ukaonekana. Dakika 1 na sekunde 40, damu imepatikana, na unyoya mmoja wa nyongeza, kwa sababu unyoya unapoota huhifadhi homoni ya wiki nyingi. Baada ya hapo mama mwenyewe akawa ananishikia kuku.

Mchana wote ni foleni, barafu inayeyuka mapajani mwangu ndani ya bajaji. Sikumbuki kama nilikula. Maabara nikaandika lebo hadi macho yakaanza kuona herufi mbili mbili, nikapanga kila chupa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri.

Ya yule mtetea ni namba 23. Kando yake kwenye daftari nimeandika: alipewa maji kabla ya kutolewa damu.