Siku moja maishani mwangu: fundi wa vinanda vya zamani na kompyuta mpya, Kampala

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua, nafagia, nawasha stabilaiza, naagiza rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai kwa kijana wa chini. Kibanda kiko ghorofa ya pili ya akedi moja, jengo la maduka, karibu na Mtaa wa William. Bango linasema VINANDA, SAUNDI KADI, MIDI. Wengi husoma neno la kwanza wakauliza kama nafundisha muziki. Waliobaki hudhani nauza waya. Saundi kadi ni kisanduku cha kupitisha sauti kati ya maiki na kompyuta, na MIDI ni lugha ya kinanda na kompyuta kupashana noti.

Saa 2:00. Vinanda vitatu vya kanisa, vimeshuka kwenye kontena kutoka Marekani. Kabla ya kuchomeka chochote nageuza kifaa nisome mgongoni. Viwili vimeandikwa 120V 60Hz, na umeme wetu ni 240V 50Hz. Hapo hakuna kujaribu bahati: transfoma ya ndani itaungua kabla hujanusa moshi. Natumia stepdown, transfoma ya kushusha umeme, na sinunui inayolingana na namba ya kinanda. Kinanda cha 30W nakipa stepdown ya 100VA, maana zile za bei rahisi hazifikishi kile zilichoandikiwa, na transfoma ya 60Hz hupata joto zaidi kwenye 50Hz. Cha tatu kinatumia adapta ya nje, hivyo natafuta adapta ya hapa. Tazama mchoro wa duara ulio kando ya tundu. Yamaha nyingi za nyumbani ni 12V na chanya iko katikati. Casio nyingi za zamani ni 9V na hasi ndiyo iko katikati. Pini inaingia vizuri kote kuwili, na hapo ndipo watu wanapochoma vitu.

Saa 3:00. Flopi. Mwenye kinanda ana midundo yake yote kwenye disketi, na kompyuta yake mpya haina hata tundu la CD. Flopi ya nje ya USB husaidia kunakili disketi za kawaida za 1.44MB, lakini baadhi hukwama kwenye za 720KB, na zile zilizofomatiwa kwa mtindo wa kinanda chenyewe hazisomeki kabisa. Dawa ya kudumu ni kutoa flopi na kuweka Gotek, kifaa kinachoiga flopi, yenye programu ya FlashFloppy: kinanda kinadhani kina disketi, kumbe ni flashi. Flashi iwe FAT32, na disketi ziwe faili za img. Kama kinanda hakioni disketi, fungua faili la FF.CFG ubadilishe mstari wa interface kati ya shugart na ibmpc, kisha angalia jampa, kile kipande kidogo cha kuunganisha pini mbili kwenye ubao. Hesabu pia miguu ya utepe kabla ya kununua: vinanda vingi vina utepe wa miguu 34, vyembamba vingine vina 26 na vinahitaji adapta. Taa ya Gotek ikiwaka tangu unawasha na isizime, utepe umegeuzwa. Zima, geuza, washa tena. Dakika arobaini, kazi imekwisha.

Saa 4:30. Mwalimu wa kwaya anaingia na kinanda cha Yamaha begani na laptopu mpya kwenye mfuko wa kaki. Anataka kurekodi nyimbo za Jumapili, na laptopu haisikii kitu.

"Fundi, hii laptopu ni mbovu. Nimenunua na waya mpya kabisa."

"Pole, Mwalimu. Tuanze na kinanda."

Nyuma, kando ya matundu ya MIDI, kuna swichi ndogo ya kuteleza yenye nafasi nne: MIDI, PC-1, PC-2, Mac. Ni urithi wa wakati kinanda kilipozungumza na kompyuta kwa tundu dogo la duara liitwalo TO HOST. Ikiwa haiko kwenye MIDI, matundu ya MIDI yamelala, hata ulete waya wa dhahabu. Yake ilikuwa PC-2. Naisukuma kwa ncha ya bisibisi. Bado kimya, kwa hiyo nageukia waya.

MIDI ni ya mwaka 1983: pini tano, biti 31,250 kwa sekunde, na makubaliano kwamba OUT ya huyu inaingia IN ya yule. Nyaya za bei rahisi za USB zina vichwa viwili vilivyoandikwa IN na OUT bila kusema ni IN ya nani. Ukiona kimya, badilisha vichwa kabla ya kubadilisha kitu kingine. Nabadilisha, nafungua programu ya kutazama MIDI, na hapo baiti za FE zinaanza kumiminika. Yamaha nyingi hutuma FE kila baada ya chini ya milisekunde 300 hata usipogusa kitufe, kusema tu kwamba zipo. Ukiziona, njia iko wazi kutoka kinanda hadi kompyuta. Kama kinanda chako hakizitumi, bonyeza kitufe kimoja utazame kama namba zinaruka.

Namfungulia ganda la waya wake aone. Ndani kuna chipu moja na rizista mbili tatu, basi. Kipande cheusi cha optokapla, cha aina ya 6N138, hakipo. Kazi yake ni kupitisha ishara kwa mwanga ili umeme wa kinanda na wa kompyuta usigusane. Bila hicho, laptopu ikiwa kwenye chaji na kinanda kiko kwenye spika za kanisa, utasikia mngurumo wa zzzz usiojua unatoka wapi. Kwa mazoezi ya nyumbani waya huu unatosha. Kwa Jumapili, hapana, na namwambia hivyo.

Anapiga noti, anasikia kila moja mara mbili. Hiyo si hitilafu: kinanda kinapiga, na programu inamrudishia noti ile ile. Zima Local Control kwenye kinanda, ili vitufe visipige sauti yake chenyewe. Kisha analalamika sauti inachelewa. Bafa, yaani sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzitoa, ilikuwa 1024, kwa 44.1kHz hiyo ni kama milisekunde 23, na mkono wa mpiga kinanda unazihisi. Naweka ASIO, draiva ya sauti isiyochelewa, na bafa ya 128, karibu milisekunde 3. Spika yake ya bluetooth naiweka kando, maana hiyo ina ucheleweshaji wake ambao huwezi kuuondoa kwa mpangilio wowote.

Kati ya hapo na saa sita: simu mbili. Mmoja kifaa chake cha zamani cha USB hupotea kila dakika kumi kwenye tundu la USB 3. Namwambia aweke habu ya USB 2.0 katikati. Mwingine amesasisha Mac yake usiku na saundi kadi ya FireWire, aina ya zamani ya tundu la kuunganisha vifaa na kompyuta, imetoweka. Mfumo mpya ni macOS 26, na huo umeacha FireWire kabisa. Hakuna draiva itakayomsaidia. Arudi toleo la 15, na akirudi atahitaji mnyororo: waya wa FireWire 400 kwenda 800, adapta ya Apple ya Thunderbolt kwenda FireWire, kisha ya Thunderbolt 3 kwenda 2. Watu huniuliza kwa nini nawasihi wasisasishe kompyuta ya studio wiki ya kazi. Ndiyo hiyo.

Saa 6:00 au karibu. Huyu ndiye aliyekula siku. Kaka mmoja mwenye studio ndogo Nsambya, ana saundi kadi ya FireWire yenye maiki 8, nzito kama tofali, na laptopu mpya ya Windows 11. "Mzee, mimi sina tatizo kubwa, nataka waya tu. Huu nilionunua mjini ndio umekataa." Anautoa: upande mmoja FireWire, upande mwingine USB, ndani hakuna kitu isipokuwa nyaya nne za shaba.

Waya huo haujawahi kufanya kazi popote duniani na saundi kadi ya aina yake. FireWire na USB ni lugha mbili, na mabadiliko yanahitaji chipu, si shaba. Halafu kuna umeme. Tundu la FireWire la pini 6 linaweza kubeba kati ya volti 8 na 30. La USB ni 5. Kuzisokota pamoja ni kucheza na ubao wa laptopu. Namweleza. Anapiga simu kwa aliyemuuzia, anaweka spika, tunasikilizana wote watatu, na muuzaji anasema tatizo ni draiva. Namweleza tena. Anauliza, kama haifai, kwa nini kichwa kiliingia? Nanyamaza kidogo, nakunywa maji.

Njia zilizopo nazitaja kwa mpangilio wa bei. Kompyuta ya mezani yenye nafasi ya PCIe: kadi ya FireWire yenye chipu ya Texas Instruments, maana nyingine hukatakata sauti. Laptopu yenye Thunderbolt: ule mnyororo wa adapta, na kwenye Windows si kila mashine inaukubali. Laptopu yake haina hata moja. Kuilazimisha draiva ya zamani? Windows 11 ina kinga iitwayo Memory Integrity inayozikataa draiva nyingi za miaka hiyo, na mashine anayotumia kwa pesa za wateja siizimii kinga hiyo. Anauliza mara ya tatu kuhusu waya.

Ndipo nageuza tofali lake nikatazama nyuma. Kuna tundu la mraba lenye kifuniko kidogo cha plastiki, limeandikwa ADAT OUT. Namuuliza kama ana saundi kadi yoyote ya USB. Anayo, ndogo ya maiki mbili, iko kwenye begi. Nyuma yake pia kuna tundu la mraba, ADAT IN, na yeye miaka yote alidhani ni la kiwandani.

ADAT hupitisha njia 8 za sauti kwa waya mmoja wa mwanga, kwa 44.1 au 48kHz. Kwa 96kHz zinabaki 4. Kwa hiyo FireWire haihitajiki tena: tofali linakuwa kisanduku cha maiki, linapokea sauti 8 na kuzituma kwa mwanga, na kadi ndogo inazipeleka kwa laptopu kwa USB. Ila tofali lazima lipangwe mara moja, na kulipanga kunahitaji FireWire. Kwa kazi hiyo natunza MacBook Pro ya katikati ya 2012 yenye tundu la FireWire 800 na mfumo wa zamani. Haiendi intaneti, haisasishwi, haiazimwi.

Mpangilio wenyewe: sampuli 48kHz, saa ya ndani (mapigo yanayoongoza sampuli, si saa ya ukutani), maiki 1 hadi 8 ziende ADAT 1 hadi 8, kisha hifadhi ndani ya kifaa. Nilikuwa nabonyeza kuhifadhi umeme ukakatika. MacBook ina betri, tofali halina. Dakika hamsini tumekaa gizani na joto la bati, yeye akinisimulia waya. Umeme uliporudi mpangilio wote ulikuwa umefutika. Nikaliweka kwenye UPS, ambapo lilipaswa kuwa tangu mwanzo, nikarudia.

Waya wa mwanga ukaingia, hakuna sauti. Nikauchomoa. Kile kikofia cha plastiki angavu kwenye ncha, kidogo kama punje ya mchele, kilikuwa bado kimevaa. Toa, chomeka, utaona nukta nyekundu ikiwaka ncha ya pili. Kwenye kadi ndogo badilisha tundu kutoka S/PDIF, mtindo mwingine wa kutuma sauti, kwenda ADAT, maana tundu ni moja kwa zote mbili, na chanzo cha saa kiwe ADAT, si cha ndani. Ukisahau saa utasikia tik, tik, bila mpangilio, na utalaumu maiki. Nikapitisha maiki moja tundu hadi tundu. Ya 6 kimya. Kaka akaapa imekufa tangu zamani. Kumbe nilipokuwa narudia kwa haraka niliipeleka maiki ya 5 mara mbili. Hilo lilikuwa kosa langu, nikalisema.

Alilipa, akaomba nimpunguzie ile pesa ya waya aliyopoteza mjini. Sikumpunguzia.

Jioni, sijui saa ngapi hasa, akedi inaanza kufungwa na imebaki DX7, kinanda cha Yamaha, ya bendi moja ya zamani. Betri ya ndani, CR2032 iliyolehemiwa, imeshuka hadi volti 2.6. Nikiitoa, sauti zote 32 zinapotea, kwa hiyo lazima nizinakili kwanza kwenye kompyuta kwa SysEx, ujumbe wa MIDI unaobeba data za kifaa chenyewe. Nawasha Sys Info Avail, kisha natuma. Benki ya DX7 ni baiti 4,104 kamili, kama sekunde moja na theluthi kwa mwendo wa MIDI. Waya wa bei rahisi uliokuwa mezani umeniletea 2,816, kwa sababu bafa yake ndogo imejaa ikamwaga zilizobaki, na haukutoa onyo lolote. Nachukua intafesi nzuri kutoka kwenye droo, natuma upya, natazama ukubwa wa faili. 4,104. Natuma mara ya pili, nalinganisha faili mbili, zinafanana. Ndipo nawasha solda.