Macho yanalia, mimi silii

Mama ndiye alikuwa wa kwanza kuniuliza. Tulikuwa kwa vidio ya WhatsApp, yeye amekaa kwa kibanda chake pale soko la Kibuye, Kisumu, mimi nimesimama jikoni huku Minnesota nimetoka tu shifti ya usiku, na katikati ya kunipa bei ya sukari na nani ameoa nani, akanyamaza. Akasogeza simu karibu mpaka nikawa naona paji la uso peke yake. "Nyathina, unalia nini?" Nikamwambia Mama, mimi silii. "Sasa hayo machozi ni ya nani?"

Kufika Jumapili akina mama wa kanisa walikuwa wameshaniombea. Baba mdogo naye akapiga, akauliza kwa ile sauti ya chini ya kuulizana mambo ya aibu, kama shida ni makaratasi ama ni mwanamke. Sasa wewe jaribu kumwambia mtu wa Kisumu, mtu ambaye joto la ziwa linamlowesha shingo kabla hata hajanywa chai, ati macho yangu yamekauka. Na unamwambia hivyo machozi yakitiririka. Hata mimi ningecheka.

Lakini ndivyo ilivyo, na ilinichukua karibu miaka miwili kuelewa. Jicho likikauka linachomeka, likichomeka linaita maji ya dharura, hayo maji yanakuja mengi kwa mpigo, yanamwagika shavuni na hayashiki kitu. Ni kama ile mvua ya dakika tano ya Januari, inapita na vumbi linabaki pale pale.

Nilikuja huku 2019. Baridi ya kwanza sikusikia kitu kwa macho, nilikuwa napigana na baridi yenyewe. Ya pili ndiyo ilinipata. Watu huko nyumbani wanadhani shida ya huku ni theluji, theluji haina neno, shida ni kwamba hewa ya digrii -20 inabeba maji kidogo sana, halafu hiyo hewa inaingizwa ndani ya nyumba inapashwa moto na hita mchana na usiku, inakuwa hewa yenye kiu. Inakunywa midomo, inakunywa ngozi ya mikono, mwiko wangu wa mbao niliotoka nao nyumbani ulipasuka katikati. Sasa jicho si ni maji tu umeyaacha wazi.

Ilianza kama mchanga. Unahisi kuna kapunje kameingia, unaosha, unatafuta kwa kioo, hakuna. Halafu ikawa moto, hasa saa nane za usiku nikiandika ripoti za wagonjwa kwa kompyuta. Halafu ikaja ile ya kuamka, hiyo ndiyo sitaki kukumbuka, kope inakuwa imeshikana na jicho, ukifungua ghafla ni kama mtu anabandua plasta kwa kidonda kibichi. Nikajifunza kuamka nikiwa nimefunga macho, natafuta dawa mezani kwa kupapasa, natia matone pembeni, nangoja, ndiyo nifungue polepole. Mtu wa miaka 34 anaamka kama kipofu.

Na kazi yangu ni ya kuangaliana na watu usoni. Niko kwa nyumba ya wazee, kuna shosho mmoja wa miaka 91 ambaye amesahau karibu kila kitu, hata watoto wake anawaita majina ya ndugu zake. Usiku mmoja nageuza mto wake chozi likamdondokea mkononi. Akaniangalia kwa muda. Akavuta karatasi laini kwa lile boksi lake, akanipangusa shavu hili, akapangusa na lile, taratibu kabisa, akaniambia, "Usijali, atarudi." Nikamwambia asante. Mpaka leo sijui ni nani alikuwa anamngojea.

Sasa makosa yangu. Kwanza nilinunua dukani ile dawa ya kuondoa wekundu. Inafanya kazi vizuri sana kwa masaa machache, macho yanakuwa meupe kama ya bibi harusi, halafu yanarudi mekundu kuliko mwanzo kwa sababu inabana tu mishipa ya damu, ikiisha nguvu mishipa inafunguka kwa hasira. Nikawa natia kila siku. Pili nikajiambia hii ni aleji, nikameza tembe za aleji miezi mitatu, kumbe zile tembe zenyewe zinakausha macho na mdomo. Tatu nikaenda kliniki moja, nikasukumwa dakika saba, nikapewa antibaiotiki ya macho, na nikaambiwa naona vizuri sana kwa hivyo macho yangu ni mazima. Hiyo ndiyo iliniuma. Unasoma herufi zote ukutani mpaka zile ndogo za chini, wanakuambia hongera, unatoka nje unakaa kwa gari huwezi kuendesha kwa sababu taa za wengine zimekuwa nyota zenye miiba. Ugonjwa ambao hauonekani unakufanya ujione muongo.

Aliyeniokoa ni dada mmoja muuguzi kutoka Vihiga, tunasali naye huku Brooklyn Park. Tulikuwa tunapakua chakula baada ya ibada akaniambia, wewe hupepesi macho. Nikamwuliza nini? Akasema nimekuangalia tangu mahubiri, unakodoa tu kama samaki kwa barafu. Akanielekeza kwa daktari wa macho ambaye anashughulika na ukavu peke yake.

Huyo daktari alinikalisha karibu saa nzima. Aliniwekea vikaratasi viwili kwa kope za chini, unafunga macho dakika 5, wanapima karatasi imelowa milimita ngapi. Zangu 14. Akasema maji unayo, mtu wa kuhofia ni yule hafiki 5. Halafu akatia rangi ya manjano akamulika taa ya bluu, akaniambia nisipepese, akaanza kuhesabu. Ngozi ya machozi inatakiwa ikae kama sekunde 10 na zaidi kabla haijachanika. Yangu ilichanika kwa 3.

Akaniuliza swali, unajua machozi yana mafuta? Sikujua. Machozi yana ute unaoyashikisha kwa jicho, yana maji, na juu kabisa yana utandu mwembamba wa mafuta unaozuia hayo maji yasiruke. Mafuta hayo yanatoka kwa vitezi vidogo vilivyopangwa ndani ya ukingo wa kope, kama 30 hivi kwa ya juu, ya chini inapungukiwa kidogo. Akabonyeza kope yangu na kijiti huku nikiona kwa skrini. Inatakiwa yatoke mafuta mepesi kama ya kupikia. Yangu yalitoka mazito, meupe, yamejikunja kama dawa ya meno, na nikamwambia kwa Kiswahili bila kujua, hiyo ni Kimbo.

Ni Kimbo kabisa! Kila mtu aliyelelewa na kopo la Kimbo, yale mafuta ya kupikia ya kuganda, anajua, ukiacha mahali pa baridi inaganda kama nta, ukipitisha kwa moto inakuwa maji. Nikaanza kumweleza yule mzungu habari ya Kimbo, alicheka lakini alielewa. Halafu akanionyesha picha ya vitezi vyenyewe, inafaa viwe mistari iliyojipanga, mimi upande wa kushoto nilikuwa kama gunzi lililopukuchuliwa nusu. Vilivyokufa haviamki tena, akasema, tunalinda vilivyobaki. Pia akanitumia kwa vipimo vya damu kwa sababu kuna ugonjwa unaoitwa Sjögren, kinga ya mwili inashambulia tezi za machozi na mate, kwa hivyo kama macho yamekauka na mdomo pia umekauka na viungo vinauma usinyamaze, mwambie daktari. Mimi sikuwa nao.

Basi dawa ya Kimbo ni moto. Sikuamini, baada ya pesa zote hizo. Kitambaa cha moto kinapoa haraka, dakika mbili kimeisha, kwa hivyo yule dada wa Vihiga akanifundisha ya soksi. Chukua soksi safi ya pamba, tia mchele mkavu vikombe viwili hivi, funga fundo, weka kwa maikrowevu sekunde chache chache, ijaribu kwa ndani ya mkono kwanza maana ngozi ya kope ni nyembamba, halafu ujilaze nayo machoni dakika 8 au 10. Ukitoa unasukuma kope kwa kidole, ya juu unashuka, ya chini unapanda, kuelekea ukingoni zilipo nywele. Kila siku. Nasema kila siku, mwezi wa kwanza sikuona tofauti yoyote na nilikaribia kuupika ule mchele.

Nikabadilisha na matone. Yale ya chupa kubwa mengi yana kemikali ya kuzuia yasioze, ukitia mara nyingi kwa siku hiyo kemikali yenyewe inakwaruza jicho. Sasa natumia ya vichupa vidogo vya plastiki vya kukata kichwa, hayana hiyo kitu, ni ghali kidogo na mifuko yangu yote imejaa vichupa. Halafu kuna siklosporini, matone ya kutuliza uvimbe, kwanza bei iliniondoa kwa kiti, bahati jeneriki yake ya kwanza, ile nakala ya bei nafuu, iliidhinishwa Marekani Februari 2022 na bima yangu ikakubali hiyo. Inachoma kama pilipili wiki za mwanzo, na si ya kesho kutwa, yangu ilianza kushika kama mwezi wa nne wa kuitumia. Mengine ni vitu vya nyumbani tu. Hewa ya hita kwa gari naielekeza miguuni. Mashine ya mvuke kando ya kitanda, naiosha kabla haijaota ukungu. Kompyuta kazini nimeishusha ili nisikodoe sana, na nimeandika kwa karatasi nikabandika kwa skrini PEPESA, wenzangu wanadhani ni jina la mtoto wangu.

Mafuta ya samaki nayo, ati yanasaidia macho makavu, nilinunua makopo mpaka nikasoma kwamba kuna utafiti mkubwa wa Marekani ulitoka 2018, wagonjwa wengine walipewa miligramu 3000 kwa siku mwaka mzima, wengine wakapewa mafuta ya zeituni bila kujua, na mwishowe hawakutofautiana. Mama alikuwa ameshanitumia omena, wale dagaa wa ziwani, na mtu kwa sababu ya hiyo maneno. Nilikula. Omena ni omena.

Desemba 2023 nikaenda nyumbani. Ndege ndiyo ilinimaliza, hewa ya ndani ya ndege ni kavu kuliko nyumba yangu, kutoka Amsterdam hadi Nairobi nilivaa miwani ya kuogelea na sikuona haya. Lakini asubuhi ya pili Kisumu niliamka, nikafungua macho, nikaangalia dari, na ndipo nikashtuka kwamba nimeyafungua tu hivyo, bila kupapasa, bila matone. Nikayafunga tena nikafungua. Nje kulikuwa na jogoo na bodaboda na harufu ya mvua ya jana. Nililala pale nikipepesa kama mjinga.

Isikudanganye lakini, jioni Mama alikaanga samaki kwa jiko la makaa nikatoka mbio. Na nikamkuta binamu yangu ana macho mekundu anatia dawa aliyouziwa tu dukani bila karatasi ya daktari, nikasoma boksi, ina steroidi. Hiyo inapoza haraka sana ndiyo watu wanaipenda, lakini ukitia miezi na miezi bila kupimwa inaweza kupandisha presha ya jicho, na presha ya jicho haikupigii hodi, inakula mshipa wa fahamu wa jicho kimyakimya. Nilimsumbua mpaka akaenda Sabatia, kule Vihiga, wana hospitali ya macho yenyewe. Alininunia siku mbili.

Mama mwenyewe sasa. Nilikuwa nimebeba soksi yangu, maikrowevu hakuna, nikaipasha kwa sufuria kavu juu ya jiko nikikoroga ule mchele kama njugu ndiyo niurudishe ndani. Akasimama mlangoni. "Umetoka Amerika kuja kukaanga mchele uweke kwa soksi?" Nikamwambia jaribu. Akakataa, akasema yeye akina sisi tukipata chokea alikuwa anatukanda kwa kitambaa cha maji moto na hakuna mtu alimfundisha. Nikakumbuka, kweli, ile pembe ya kanga yake iliyochovywa kwa maji ya moto, anapuliza kwanza halafu anaibonyeza machoni, na mimi napiga kelele.

Usiku nikamkuta amelala kwa kochi, taa imezimwa, soksi iko usoni.

Nilipokuwa narudi akanizuia nisiipakie. Huku nikashona ingine. Sasa kwa vidio tunapigana juu ya mchele, yeye ametia pishori, nikamwambia Mama hata ule wa bei ya chini ni sawa, akaniambia macho yake hayali mchele wa bei ya chini.