Siku moja ya Juni 2020: nyanya zangu na mpaka uliofungwa

Saa 11 alfajiri naamka kwa mazoea tu, kwa kuwa siendi popote. Kabla ya mwezi Machi, saa hii ingenikuta njiani kuelekea Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha waendao kwa miguu, beseni kichwani, nikiwa miongoni mwa maelfu ya wanawake wa Goma, mashariki mwa Kongo, waliovuka kila siku kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, kutafuta nyanya, kabichi na maziwa. Rwanda ilipofunga mipaka yake kwa sababu ya korona, na Rais wetu Félix Tshisekedi akatangaza hali ya dharura kwetu tarehe 24 Machi, malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini sisi tunaokwenda kwa miguu tulizuiwa.

Saa 1 asubuhi simu inalia. Sisi wanawake tisa tumeunganisha fedha ili muuzaji wa ng'ambo atupakilie mzigo mmoja kwenye lori. Zamani nilikuwa nikizichagua nyanya kwa mkono wangu, nikizibonyeza moja moja na kukataa zilizolainika, na kama nilikuwa na fedha ya kasha moja tu, nilinunua kasha moja. Sasa nanunua kitu nisichokiona, kwa kiasi kinachoamuliwa na nafasi ya lori, na juu yake nachangia nauli na ushuru. Mwenzetu mmoja, mjane mwenye watoto watano, alijitoa wiki iliyopita kwa sababu mtaji wake haukufikia mchango wa kikundi, na hilo linaniuma kuliko hasara yangu mwenyewe.

Saa 4 lori halijafika. Sokoni Virunga nanawa mikono kwenye ndoo ya maji ya klorini, jambo tulilojifunza tangu Ebola ilipofika mjini kwetu Julai 2019. Ugonjwa ule tuliuogopa sana, na ulikuwa ukiua vibaya, lakini Shirika la Afya Duniani lilisihi mipaka isifungwe, na Rwanda ilipoufunga mpaka wake na Goma tarehe 1 Agosti ya mwaka huo, iliufungua tena siku ile ile. Tulipimwa joto, tukanawa, tukavuka. Ndiyo maana mwaka huu wengi wetu tulidhani kufungwa kungekuwa kwa siku mbili tatu, tukakaa nyumbani tukila mtaji.

Saa 7 mchana mzigo unashushwa. Kasha la juu ni zuri. La chini limepondeka, na maji mekundu yanachuruzika kwenye mawe meusi ya volkano. Kumlaumu muuzaji siwezi, kwani nyanya zimelala kwenye foleni ya malori. Tunagawana zilizooza sawasawa, kila mmoja sehemu yake, bila kelele.

Saa 9 nauza. Mteja wangu mkubwa alikuwa mama mwenye mgahawa, aliyechukua nusu kasha kila siku na kulipa jioni. Mikahawa na baa zilifungwa mwezi Machi, naye leo amekuja kununua fungu moja la kupikia nyumbani kwake.

"Mama, uniandikie deni mpaka Jumamosi," ananiambia kwa sauti ya chini.

Namwandikia. Aliponilipa kila jioni kwa miaka yote ile, ndiye aliyeniwezesha kuvuka asubuhi iliyofuata, na bila shaka naye alikuwa akinilipa kwa fedha ya wateja wake. Watu husema biashara ndogo imekosa wanunuzi, lakini naona kilichovunjika ni mzunguko wenyewe: fedha iliyokuwa ikitoka mkononi mwangu alfajiri na kurudi kabla ya giza, sasa inakaa siku tatu au nne njiani, na tumbo haliwezi kuisubiri.

Saa 12 jioni nafika nyumbani. Watoto, ambao shule zao zimefungwa tangu Machi, wamekula mchana na wanangoja chakula cha usiku. Nanunua bidoni (madumu) mbili za maji badala ya moja, kwa sababu ya kunawa.

Saa 2 usiku nahesabu fedha chini ya taa. Natenga ya lori, kisha ya likirimba, mchango wetu wa kupokezana kwa zamu, kwa kuwa wiki hii ni zamu ya yule mjane kupokea na sitaki akute imepungua. Iliyobaki haitoshi mchango wangu wa mzigo ujao. Nampigia mwenyekiti wa kikundi simu, namwomba aniandike nusu kasha.