Siku moja ICU: kitanda cha nne

Saa 1:30 asubuhi. Napokea zamu. Vitanda vyote vimejaa, lakini mazungumzo yote ni ya kitanda cha nne: mvuvi kijana kutoka visiwani, katapika damu usiku kucha. Presha 82 kwa 50, mapigo 128, viganja baridi. Nikimgusa tumbo, bandama imefika karibu na kitovu. Huku Kanda ya Ziwa, kijana asiyegusa pombe akitapika damu na bandama imevimba hivyo, wazo la kwanza ni kichocho. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ini, makovu yanabana njia ya damu, na mishipa ya chini ya umio inavimba mpaka inapasuka.

Saa 1:45. Kanula mbili za kijivu (mirija minene ya mshipani), kila mkono moja. Sampuli maabara, oksijeni, seftriaksoni (antibiotiki) gramu 1, oktreotaidi (dawa ya kupunguza presha kwenye mishipa inayovuja) kwenye pampu. Daktari wa mafunzo kazini ananiuliza, "Sista, tusimpe na traneksamiki?" Swali zuri, maana ni dawa ya kulinda mgando wa damu. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua, nampa gramu 1 ndani ya saa 3 bila kusita, na majeruhi wa bodaboda vilevile. Kwa damu ya tumboni ni habari nyingine: utafiti wa HALT-IT wa mwaka 2020, wenye wagonjwa zaidi ya 12,000, ulionyesha haipunguzi vifo, na waliopewa walipata zaidi degedege na mabonge ya damu kwenye vena. Dawa ikabaki kabatini.

Saa 2:20. Wingi wa damu (hemoglobini) 5.1, wa chini sana. Tunakagua uniti (mfuko wa damu) ya kwanza watu wawili, jina, namba, kundi, tarehe, ndipo naifungulia. Nje, kaka yake kashika mlango. "Sista, tupo ndugu kumi. Mjazeni!"

Hapa ndipo kazi ngumu kuliko kutafuta mshipa. Namwambia, kaka, lengo letu ni 7 au 8 tu. Tukimjaza, presha inapanda kwenye mishipa ileile iliyopasuka, anaanza upya. Ananitazama kama ninayeibania damu ya hospitali. Mwishowe nampeleka benki ya damu: achangie, akiba iliyotumika kwa ndugu yake irudishwe. Hilo lilimtuliza kuliko maelezo yangu yote.

Uniti ya pili. Namfunika blanketi mbili, maana mwili ukipoa damu haigandi vizuri. Kalsiamu nayo tunampa, kwa sababu dawa ya kuzuia mgando iliyomo kwenye mfuko wa damu huikamata.

Saa 4:30. Anawekewa mpira wa kupumulia kwanza, asije akavuta damu mapafuni. Kisha endoskopi, mpira wenye kamera unaoshushwa kooni. Kwenye skrini mishipa imetuna, ya bluu, mmoja una kichwa chekundu. Daktari anaufunga kwa kimpira, halafu mingine mitatu. Tiba yenyewe ilikuwa hii. Mengine yote tangu asubuhi yalikuwa kumfikisha hapa akiwa hai.

Saa 6 hadi 8. Vitanda vingine. Chai ilipoa.

Saa 9. Wingi wa damu 7.4, presha 104 kwa 62. Uniti ya tatu sikuitoa benki kabisa. Ikikaa nje ya friji zaidi ya dakika 30, hairudishwi.

Saa 9:30. Nakabidhi: choo bado kitakuwa cheusi, msishtuke. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, kabla hajaruhusiwa. Kipimo cha wingi wa damu kirudiwe saa 12 jioni. Ikishuka chini ya 7, uniti yake iko benki.