Kipimajoto kilichohama

Nilifika Paje, Unguja, Jumatatu ya maji mafu, siku ambazo bahari haitoki sana. Kwenye pendekezo langu la utafiti wa uzamili niliandika "wiki ya 1: kufunga vifaa", na jopo likapitisha bila swali. Mimi na wao, wote watu wa bara. Mashamba ya mwani yalikuwa chini ya maji, wenyewe wako majumbani wanasuka ukili. Siku sita nalipia chumba nikingoja mwezi wa angani ulete bamvua, maji yanapotoka mbali.

Bamvua lilipoingia, saa nne asubuhi unakwenda kwa miguu hadi mbali kabisa. Kilimo hiki kilianza hapa na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wakulima wengi ni wanawake. Vipande vya mwani hufungwa kwa taitai, vikamba vidogo, kwenye kamba, kamba ikavutwa baina ya vigingi viwili. Mwani ni wa aina mbili: spinosum ni mvumilivu, ila bei yake ndogo. Kotonii ndiyo yenye pesa, nayo haitaki joto: matawi hupauka, yakalainika, yakakatika. Nilishika moja, jeupe kama ngisi aliyepikwa, likabaki vidoleni.

Nilifunga vipimajoto vitatu, kila kimoja ukubwa wa kidole gumba, vinajirekodi kila nusu saa. Bamvua lililofuata nikavitoa. Viwili vilikubaliana: mchana maji yakitoka, digrii 34. Cha tatu kilikwenda na wenzake siku nne, halafu kikashuka digrii tatu na kubaki hukohuko. Usiku kucha niko na kompyuta. Nikalaumu betri, nikalaumu kiwanda, nikajilaumu mwenyewe.

Asubuhi nikamwamkia mwenye shamba, nikamwuliza.

"Kile kidude chako? Nimekuhamishia mie, mwanangu. Pale kingeungua. Nimekitia kule mkondoni, ninakoweka kotonii yangu."

Nilikaa juu ya gunia. Sura yangu ya pili yote inahusu kuhamishia kotonii kwenye maji ya kina, na nimeiandika kwa makala za watu, nikiwa chumbani. Akanionyesha mahali penyewe: hata maji yakitoka, yanamfika kifuani. Mbele ya hapo kuna kina zaidi na baridi zaidi, lakini haendi. Mashua hana, na kuogelea hajui. Kwenye pendekezo langu hakuna mstari hata mmoja unaouliza nani anajua kuogelea.

Msimamizi ameniambia siku zile nizifute, kifaa kimeguswa. Ana haki, nimezitoa kwenye jedwali. Nimezihifadhi kwenye faili jingine. Na dodoso limepata swali jipya, nikaanza kulijaribu kwa bibi yuleyule: kama angepata wa kumfundisha kuogelea, angekubali?

Akacheka mpaka akashika kigingi. "Utanifundisha wewe?"

Mimi nimezaliwa Dodoma. Maji yakinifika kiunoni naanza kusoma dua.