Leo Sikupaka Rangi: Siku Moja ya Fundi Mji wa Kale, Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka Likoni na mkoba begani. Ndani mna skrepa mbili, mwiko mdogo, brashi ya nyuzi ngumu, msasa wa namba 80, 120 na 180, barakoa na tochi. Ndoo ya rangi niliiacha kazini tangu juzi, na leo haitafunguliwa. Mimi nalijua hilo tangu kulala. Mwenye nyumba bado.

Feri ya kwanza imejaa, napanda ya pili. Mtu wa miguu halipi, kwa hiyo wasiwasi wangu ni saa tu. Upepo wa kusi unavuma na hewa ni nzito, nguo imeshanata mgongoni kabla jua halijapanda. Hewa hiyo ndiyo naifikiria njia nzima. Fila, ile ya kuzibia nyufa, ambayo kwingine ingekauka kwa saa tatu, hapa kwetu inaweza kutaka mchana mzima.

Saa moja kasoro nashuka karibu na Ngomeni (Fort Jesus), nakata barabara ya Ndia Kuu kwa miguu hadi mtaa wa Kibokoni. Kijana wangu wa kazi ananisubiri pembeni na mahamri na mbaazi kwenye karatasi. Tunakula tumesimama.

Nyumba yenyewe ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake nene kama urefu wa mkono hadi kiwikoni. Sebule ni ndefu na nyembamba. Nyumba nyingi za zamani hapa ziko hivyo, kwa kuwa dari limebebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba haupiti urefu wa boriti. Wageni huuliza kwa nini vyumba vyetu vimekaa kama ushoroba. Jibu liko juu ya vichwa vyao.

Saa moja na nusu, kabla ya kugusa chochote, nakwenda kutazama nailoni zangu za kupimia unyevu. Juzi jioni nilibandika vipande vinne ukutani, kila kimoja upana wa sahani, nikaziba kingo zote kwa tepu. Vitatu ni vikavu. Cha nne, cha ukuta wa nyuma, kina matone yamejipanga kama jasho usoni, nayo yako upande wa ndani, ulioshikana na ukuta. Yangekuwa upande wa nje ningesema ni fukuto la chumba, tufungue madirisha tuendelee. Ya ndani ni maji ya ukuta wenyewe.

Chini ya hapo rangi imebambuka kama magamba ya samaki, na katikati ya magamba kumeota kitu cheupe, laini kama sufi. Kijana anasema ni kuvu. Namwambia achukue tone la maji kwa kidole aligusishe. Kile cheupe kinayeyuka na kupotea. Kuvu haipotei hivyo, hii ni chumvi. "Basi tuoshe," anasema. Hapana. Ukiosha chumvi kwa maji inayeyuka, inarudi ndani ya ukuta, na ukuta ukikauka inatoka tena. Hupigwa brashi kavu, vumbi likazolewa na kutupwa nje. Anaifanya kazi hiyo taratibu, na nafurahi kuona hasugui kwa hasira.

Saa mbili na nusu tunahamisha vitu. Kuna kasha la mvule la mama yake Bi mkubwa, mwenye nyumba, na Bi hataki lisukumwe sakafuni hata hatua moja. Tunaita majirani wawili, tunalibeba watu wanne. Tunatandika turubai.

Kuanzia saa tatu ni kazi ya masikio. Nagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, shibiri baada ya shibiri, kutoka juu kwenda chini. Palipo pazima pananyamaza. Palipoachana na mawe panalia utupu, kama nazi iliyokauka. Kila palipolia naweka alama ya chaki. Wapo mafundi wanaoruka hatua hii kwa sababu haionekani na mteja hailipii. Mimi niliwahi kufanya kazi Nyali, mwenye nyumba akanikata pesa za msasa na fila akisema yeye alikubaliana na rangi tu. Liliniuma sana, kwa sababu rangi ni siku mbili za mwisho. Siku nne za kwanza ndizo zinazoamua kama itakaa.

Baada ya kugonga, napitisha kiganja. Ukuta wa kushoto unaniachia unga mweupe mkononi: ni chokaa ya zamani iliyochakaa. Emalshoni, yaani rangi ya maji ya ukutani, ikipakwa juu ya unga haishiki ukuta, inashika unga, halafu vyote vinaanguka pamoja. Kwa hiyo tunakwaruza, tunapiga brashi, tunafuta kwa kitambaa kibichi, hadi kiganja kitoke kisafi.

Nyufa ndogo siwekei fila juu juu. Naufungua ufa kwa pembe ya skrepa hadi uwe kama mfereji mdogo, natoa vumbi, nalowesha kidogo ili ukuta usinyonye maji ya fila kwa haraka, ndipo naijaza. Ufa uliofungwa bila kufunguliwa utaonekana tena kabla ya mwaka.

Kona iliyokuwa nyuma ya kabati ina kuvu kweli, madoa meusi. Hapo nimechanganya dawa ya klorini, sehemu moja kwa sehemu nne za maji, nikapaka, nikaiacha robo saa, nikasuuza. Dirisha wazi, na hakuna dawa nyingine ya kusafishia inayokaribia ndoo ile.

Milango imepakwa rangi ya mafuta ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka. Sijui ndani yake mna nini, na rangi za zamani nyingi zilitiwa madini ya risasi, ambayo ni sumu. Leo kiwango cha Kenya ni sehemu 90 kwa milioni, lakini mlango huu ulipakwa kabla ya hayo. Humu ndani mna mjukuu anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Kwa hiyo mlangoni tunatumia msasa wa maji tu, vumbi lisiruke, na uchafu wote tunaukusanya kwenye mfuko.

Saa saba ni adhuhuri, kisha wali wa nazi na mchuzi wa papa. Bi mkubwa ndiye aliyeleta sinia.

Saa nane anakuja kuketi mlangoni. "Mwanangu, rangi siioni."

"Leo hutaiona, Bi."

"Nikaha ni Ijumaa ya tatu kutoka hii."

Nampeleka kwenye ukuta wa nyuma, namshikisha mkono. Namweleza kwamba ukuta huu ulijengwa kwa chokaa, na chokaa hupumua: maji yanayopanda kutoka chini hutokea usoni yakakauka. Kuna mtu alikuja akapiga lipu ya simiti, juu yake rangi ya mafuta. Maji yakakosa pa kutokea, yakabaki ndani na chumvi yake, nayo ndiyo inayosukuma rangi ianguke. Nikipaka leo, siku ya nikaha utapendeza. Ukifika mwezi wa mfunguo nne, utakuwa hivi tena.

Ananyamaza. Kisha anasema baba yake alikuwa akiipaka nyumba hii chokaa kila mwaka kabla ya Ramadhani, na kwamba harufu yake ndiyo iliyokuwa ikimwambia mwezi umekaribia. "Nilidhani tuliacha kwa sababu ya umaskini," anasema. "Toa hiyo simiti."

Naanza kuibandua kwa patasi, kuanzia chini hadi juu ya doa kwa futi tatu. Simiti inatoka vipande vizima, na nyuma yake mawe yanatokea, yamelowa, yananuka bahari. Jiwe moja lina alama ya matumbawe, vinyota vidogo vidogo vimepangana kama nakshi. Bi anainama anavipitisha kidole kimoja kimoja. Ameishi na jiwe lile umri wake wote bila kulijua uso.

Tumekubaliana hivi: ukuta uachwe wazi siku kadhaa uteme maji, kisha lipu ya chokaa, fungu moja kwa matatu ya mchanga wa mtoni, tabaka nyembamba nyembamba. Mchanga wa pwani hapana, huo unakuja na chumvi yake. Juu yake chokaa ya maji, nyeupe. Kukauka kabisa kutachukua miezi, lakini chokaa itauacha ukauke ukiwa umeshavaa. Kuta tatu nyingine zitapata rangi aliyoichagua.

Saa kumi, baada ya alasiri, nazima taa na kufunga dirisha moja. Naweka tochi ubavuni mwa ukuta wa kulia, mwanga utambae juu yake. Mchana ukuta ule ulionekana kama karatasi. Kwa mwanga wa ubavu kila kinundu kinatoa kivuli. Kijana anapita na msasa wa 180, mimi namwonyesha: hapo, shuka kidogo, hapo hapo. Tunasugua hadi vivuli viishe.

Saa kumi na moja na nusu tunafagia, tunafuta sakafu kwa maji mara mbili kwa ajili ya yule mtoto, tunalifunika kasha. Nabandika nailoni mpya mbili kwenye ukuta wa mlangoni, kwa uhakika zaidi.

Magharibi inatukuta kwenye feri. Kijana ana vumbi jeupe kwenye nyusi. Ananiuliza kama kesho tutafungua ndoo.

"Ukuta wa kulia, labda. Kama fila imekauka."